Upanga wa Serikali na Ulimi wa Shahidi



Katika mikutano ya wazee na ya akina mama nimesikia mara nyingi neno hili: "Wanawake wanapigwa, binti zetu wanaharibiwa, na polisi hawafanyi kitu. Hawana gari, hawana mafuta, hawana askari wa kutosha." Kisha watu hutikisa vichwa, huomba, hurudi makwao. Nami nimepata kusema hivyo. Leo nataka tulipime neno hili kwa utulivu, kwa maana ndani yake imo kweli, tena ndani yake umo udhuru wa kujifichia. Swali langu ni hili: Ikiwa serikali imepewa upanga ili kumlinda mnyonge, na upanga huo ni butu, ni nani aliyeutia ubutu? Je, ni serikali peke yake, au na sisi tumo?

Kwanza tuitazame kweli. Uchunguzi wa afya ya watu uliofanywa katika Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha ya kuwa wanawake 40 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hata 49, walikuwa wamekwisha kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofikia miaka 15. Na 17 katika kila 100 walikuwa wamekwisha kutendewa jeuri ya zinaa. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa hesabu ya waliopigwa imeshuka hata 27 katika kila 100. Tumshukuru Mungu kwa kushuka huko. Walakini ukiketi kanisani siku ya Bwana, ukawahesabu mama mia moja waliokaa mbele yako, 27 si hesabu ndogo. Na liko neno la kuhuzunisha zaidi. Katika uchunguzi ule wa kwanza, wanawake 58 katika kila 100 walisema ya kuwa mume ana haki kumpiga mkewe walau kwa sababu moja, na wanaume waliosema hivyo walikuwa 40 katika kila 100. Maana yake, fimbo imekaa nyumbani mwetu muda mrefu hata anayepigwa ameizoea kuliko anayeishika.

Wala si kweli kusema ya kuwa serikali haikufanya kitu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema wazi ya kuwa mume hana haki ya kumwadhibu mkewe kwa kumpiga, wala mke kumpiga mumewe. Sheria ya mwaka 1998 juu ya makosa ya zinaa imeweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mwanamume mzima ambakaye mwanamke. Mwaka 2007 askari wa kike katika Jeshi la Polisi waliunda mtandao wao, nao wakasaidia kuanzisha madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi, ambayo leo yamezidi 400. Dawati ni mahali ambapo mwanamke au mtoto aliyeumizwa hupokewa na askari aliyefundishwa kazi hiyo, ili asieleze mambo yake mbele ya walevi na wezi waliokamatwa usiku. Tena katika hospitali kadha wa kadha viko vituo viitwavyo Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, askari na ofisa wa ustawi wa jamii hukutana mahali pamoja, ili aliyejeruhiwa asizungushwe mlango kwa mlango.

Basi, upungufu upo wapi? Mahali pengine dawati lipo kwa jina tu, halina chumba chake. Mama hueleza habari za aibu yake huku watu wengine wakisikia. Mahali pengine askari wa dawati hana gari, na kijiji kiko mbali, na ndugu za aliyeumizwa hutakiwa kutoa fedha za mafuta. Asiye na fedha hurudi nyumbani na jeraha lake. Upungufu wa namna hii hauzipati nchi maskini peke yake. Mwaka 2021 askari polisi wa mji wa London alimteka na kumwua mwanamke kijana, Sarah Everard. Baada ya hayo Louise Casey aliagizwa kuyachunguza mambo ya polisi wa mji ule, naye akatoa taarifa yake mwaka 2023. Kati ya mengi aliyoyaona ni majokofu ya kutunzia ushahidi wa kesi za ubakaji, mengine yamejazwa kupita kiasi, mengine yameharibika, hata ushahidi ukapotea. Tazama: katika mji wenye mali nyingi, haki ya mwanamke yaweza kupotea kwa sababu ya jokofu bovu.

Kwa hiyo asidanganyike mtu na kusema ya kuwa vyombo si kitu. Vyombo ni kitu. Chumba chenye mlango ni kitu, mafuta ya gari ni kitu, askari mwenye mafunzo ni kitu. Sisi tulipao kodi yatupasa kuyadai kwa adabu na bila kuchoka, kama mjane yule wa Injili aliyemwendea kadhi dhalimu kila siku mpaka akampa haki yake. Diwani akija kuomba kura zetu, tumwulize juu ya barabara na maji, na tumwulize pia: Dawati la kituo chetu lina chumba? Lina askari wangapi?

Lakini kiko chombo kimoja ambacho serikali haiwezi kukinunua, wala kukitia katika hesabu ya mwaka. Nitakieleza kwa habari ya aibu yangu mwenyewe. Mama ambaye habari hii ni yake ameniruhusu, nami simtaji jina wala mahali.

Nalikuwa mchungaji kijana katika usharika wangu wa kwanza. Usiku mmoja mama huyo alinijia, jicho lake limevimba hata halifunguki. Mumewe alikuwa mzee wa kanisa. Akaniuliza, "Baba Mchungaji, nifanye nini? Niende polisi?" Nikamjibu, "Mama, mambo ya nyumbani humalizwa nyumbani. Kesho nitakuja na wazee." Kesho yake tulikwenda. Tuliomba, tulisoma Neno, mume akalia machozi, wakapeana mikono, tukanywa chai. Nikarudi kwangu na furaha, nikijiona mpatanishi.

Mvua za masika hazijaisha, mume yule alimvunja mkono. Nilipomwendea hospitalini hakunilaumu. Alisema neno moja tu: "Mchungaji, siku ile ulimwuliza mume wangu kama amenisamehe. Mimi hukuniuliza kama naogopa."

Askari wa dawati alikuja kuandika habari. Siku ile alikuwa na kalamu, alikuwa na karatasi, hata gari alikuwa nalo. Alimwuliza mama kama hapo nyuma alipata kupigwa. Akasema ndiyo, lakini hakuwa na hati yo yote, kwa maana mimi nalimzuia kwenda kituoni. Askari akawauliza wazee waliokuwa pamoja nami. Mmoja akasema hakuliona jicho vizuri, mwingine akasema alidhani mama amejikwaa. Akaniuliza na mimi. Nikajibu ya kuwa mchungaji ana siri ya ungamo. Nalijificha nyuma ya jambo takatifu, ndugu zangu, na dhamiri yangu ilijua. Kwa maana yule mama hakunijia kuungama dhambi. Alikuja kunionyesha jeraha. Siku mbili sikulala vema. Siku ya tatu nalikwenda kituoni nikayasema yote niliyoyaona. Mume alihukumiwa kwa kosa la mkono. Kosa la jicho halikuweza kuthibitishwa.

Tangu siku ile najua chombo ambacho polisi wamepungukiwa kuliko vyote: ni mtu wa kusema, "Mimi naliona." Na chombo hicho hakimo bohari ya serikali, kimo vinywani mwetu.

Fikirini jinsi kazi yenyewe inavyokwenda. Mwanamke akiumizwa, polisi humpa fomu iitwayo PF3, naye daktari huandika humo aliyoyaona mwilini mwake. Akiwa amebakwa, dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI sharti aianze kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora zaidi. Na alama za uovu ule hupotea kwa kuoga na kwa kufua nguo. Hayo yote yategemea saa. Lakini sisi je? Sisi tunasema, "Ngojeni mjomba afike. Ngojeni kikao cha ukoo siku ya Jumamosi. Ngojeni tujue watu wa upande wa pili watatoa nini." Kikao kikiisha, saa 72 zimekwisha kupita, nguo zimefuliwa, na binti amekwisha kufundishwa la kusema. Kisha kesi ikianguka kwa kukosa ushahidi, sisi wenyewe twasema, "Polisi wetu hawana kazi."

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli imo habari ya Tamari, binti Daudi, aliyetendwa jeuri na Amnoni, ndugu yake kwa baba. Absalomu alimwambia anyamaze. Daudi aliposikia alikasirika sana, lakini hatusomi ya kuwa alifanya neno lo lote. Mfalme yule hakukosa askari, wala magereza, wala fedha. Alikuwa na nguvu zote za nchi mkononi mwake, naye alinyamaza kwa kuwa mkosaji alikuwa mwanawe. Na ule unyamavu haukuleta amani. Baada ya miaka miwili Absalomu alimwua Amnoni, kisha akamwasi baba yake, na damu nyingi ikamwagika. Tamari alikaa ukiwa nyumbani mwa ndugu yake. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Linganisheni na habari nyingine katika Matendo ya Mitume. Watu zaidi ya arobaini waliapa kumwua Paulo njiani. Mtoto wa dada yake, kijana ambaye hata jina lake hatulijui, aliyasikia mashauri yao. Hakusema, "Mimi ni mtoto, haya si mambo yangu." Alikwenda ngomeni akamwambia Paulo, kisha jemadari; na jemadari yule, mtu wa Mataifa, alitoa askari 200, na wapanda farasi 70, na wenye mikuki 200, ili kumlinda mtu mmoja. Askari wale walikuwako ngomeni jana yake na juzi yake. Hawakuondoka mpaka mtu mmoja alipofumbua kinywa.

Najua ya kuwa wengi wenu mna maswali, nami sitaki kuyakimbia.

La kwanza: Je, Bwana wetu hakutuagiza kusamehe? Ametuagiza, tena bila hesabu. Lakini mgongo uliopigwa si wangu, basi na msamaha huo si wangu kuutoa. Martin Luther aliandika kitabu mwaka 1523 juu ya mamlaka ya serikali, na humo alifundisha ya kuwa Mkristo, kwa ajili ya nafsi yake, huvumilia dhuluma, lakini kwa ajili ya jirani yake hutafuta haki na ulinzi. Sisi tumeyageuza. Tukiibiwa kuku twakimbilia polisi kabla ya jua kuchwa. Jirani akivunjwa mbavu twahubiri uvumilivu. Mama aweza kumsamehe mumewe moyoni, na huo ni uzuri wa neema. Lakini kusamehe si kusema uongo mbele ya hakimu, wala si kurudi kulala karibu na anayetishia kuua. Tena mkosaji akishtakiwa, kesi huitwa kwa jina la Jamhuri, kwa kuwa aliyemwumiza mmoja ameivunja amani ya wote. Ukoo ukipokea mbuzi watatu na kufunga neno, umemwuza si binti yake tu, bali na binti wa nyumba ya pili ambaye mtu yule atamfuata kesho.

La pili: Je, Paulo hakuwakataza Wakorintho kushtakiana mbele ya wasioamini? Aliwakataza katika madai yao ya mambo ya maisha haya, wakidhulumiana mali. Lakini Paulo huyo huyo, maisha yake yalipokuwa hatarini, alimpelekea jemadari habari, na mwishowe akataka rufani kwa Kaisari. Baraza la wazee lina kazi yake njema: kushauri, kuonya, kuweka chini ya maonyo ya kanisa. Lakini baraza halina daktari, halina gereza, wala halikupewa upanga. Likijitwalia hukumu ya ubakaji na ya kuvunja mifupa, limetwaa kazi isiyo yake, na limemwachia mwenye jeuri nafasi ya kupumua.

La tatu: Je, hakuna mashtaka ya uongo? Yako, kama ilivyo katika kila jambo la wanadamu. Ndiyo maana kuna hakimu, na kuulizwa maswali, na hati ya daktari. Aogopaye uongo na aupende uchunguzi. Kikao cha ukoo, ambapo mwenye sauti kubwa hushinda, hakimlindi asiye na hatia wala hakimpati mwenye hatia.

La nne ndilo gumu kuliko yote: Mume akifungwa, watoto watakula nini? Wanawake wengi hunyamaza kwa sababu hiyo, nami siwezi kuwalaumu. Hapa swali latugeukia sisi. Twasema polisi hawana vifaa. Je, usharika nao hauna? Tuna ghala ya mavuno. Tuna fungu la diakonia. Tuna akina mama wenye vyumba ambavyo mtu aliyekimbia usiku aweza kulala siku tatu. Kesi huahirishwa mara nyingi, na shahidi wa kijijini huchoka kwa kukosa nauli, mwisho haendi tena. Nauli ya kwenda na kurudi mahakamani si fedha ambayo usharika wenye kwaya tatu na sare tatu hauwezi kuipata. Tukimlipia shahidi nauli, tumewaongezea polisi nguvu kuliko tungewanunulia bunduki.

Basi, ninyi walimu na wainjilisti, ninyi mlio karibu na nyumba za watu kuliko sisi wachungaji, nawasihi mambo machache. Mwanamke akikujia na jeraha, usiulize kwanza amefanya nini hata akapigwa. Mwulize kama anaogopa, na kama ana mahali pa kulala. Ikiwa amebakwa, mwambie asioge wala asifue nguo, umsindikize upesi kituoni na hospitalini, wewe au mama mwenye busara. Andika siku, saa, na ulichoona kwa macho yako, usiongeze, usipunguze. Ukiitwa kutoa ushahidi, nenda. Ukisikia ya kuwa kikao cha kufunga neno kimeitishwa, usikifungue kwa maombi. Na katika mafundisho ya ndoa wafundisheni vijana ya kuwa sheria ya nchi imeikataza fimbo tangu mwaka 1971, na ya kuwa Kristo hakulipiga Kanisa lake, bali alijitoa kwa ajili yake.

Na kama mkosaji ni mzee wa kanisa, au mwinjilisti, au mchungaji? Hapo ndipo itakapoonekana kama tunayaamini tuyasemayo. Daudi alishindwa mahali hapo hapo, kwa kuwa mkosaji alikuwa wa nyumbani mwake.

Nimeandika haya si kama mwalimu asiye na doa. Bado nalikumbuka jicho lile, na chai ile tuliyokunywa kwa furaha. Yule mama yu hai. Huimba katika kwaya, na mkono wake umepona, ila hauinuki sawasawa. Kila mara ainuapo kitabu cha nyimbo naona upande mmoja umeshuka kidogo. Hapo nakumbuka ya kuwa siku ile polisi walikuwa na vyombo vya kutosha. Aliyepungukiwa nalikuwa mimi.

Mungu azifumbue ndimi zetu, na awape askari wetu moyo wa haki na vyombo vya kazi. Amina.